Breki ya Pili

Tarehe 3 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Nimefika salama, nimepata pa kulala, na sijapoteza kitu njiani ila kitana. Nakuandikia barua kwa sababu simu yako siku hizi ina mwenyewe. Kila nikipiga anapokea baba mkubwa, anasema, "Mama yako yuko nyuma," kisha ananihoji yeye habari za kazi mpaka salio linakwisha. Hivi anakaa hapo kwetu, au ni bahati yangu tu? Barua hii anakuletea jirani wa mitumba. Nimemwomba aiweke mkononi mwako, si juu ya meza.

Nimepata nafasi ya majaribio katika shule ya udereva. Si ya kujifunza, Mama, ni ya kufundisha. Ile leseni uliyosema nimeikatia mapambo imeanza kazi. Ofisi ni chumba kimoja chenye bango la alama za barabarani, benchi la wanafunzi, na dirisha linalotazama uwanja wa mazoezi uliopangwa mapipa. Gari langu ni dogo, jeupe, na juu yake kuna kibao cha bati kilichoandikwa MWANAFUNZI. Upande wangu hakuna usukani, ila kuna breki. Tunaiita breki ya pili. Mwanafunzi akizidiwa, mimi nakanyaga na gari linasimama. Nimepewa hiyo na mdomo wangu, basi.

Mwenye shule ni mama mmoja mfupi, mkavu, asiyecheka ovyo. Watu wote wanamwita Mama Breki, naye anaitika. Amesema mwisho wa Aprili akiridhika nami ataniajiri, na atanipa chumba cha nyuma ya ofisi, chenye dirisha lake na ufunguo wake. Mama, mimi sijawahi kuwa na ufunguo wa kitu chochote. Nakitaka chumba kile mpaka nakiota.

Lakini jana aliniita akaniambia, "Namna yako na wanafunzi siipendi. Jirekebishe." Kisha akaitwa nje, hakurudi kuniambia zaidi. Sijui nimekosa nini. Wanafunzi wangu ni watu wazima, wengine wana wajukuu, nami nawaamkia wote kabla hata mlango wa gari haujafungwa. Wewe ndiye unayenijua. Niambie, nimekosa nini?

Mwanao,
Kitinda

*

Tarehe 9 Machi

Kitinda wangu,

Marahaba. Barua yako imenifikia ndani ya mfuko wa koti la mtu mnene. Jirani alinifuata nalo mpaka jikoni, akaniambia kwa sauti kubwa, "Hebu lijaribu." Nimelijaribu, na barua nimeisoma humo humo ndani ya koti.

Unauliza umekosa nini. Mimi nimekuzaa, sihitaji kufika huko ili nijue. Ni ujuvi. Wewe umezaliwa ulimi umetangulia. Darasa la pili ulimwambia mwalimu wako kwamba amefunga vifungo vya shati kombo, mbele ya mkaguzi. Na kwenye msiba wa baba yako, watu wamejaa sebuleni wamenyamaza, ukamwambia baba mkubwa wako, "Hicho kiti ni cha baba." Alivyojibu unakumbuka. "Mtoto huyu ni mjuvi." Lile neno lilizunguka sebule nzima mpaka likanifikia mlangoni, ikabidi nikushike mkono tukamwombe radhi. Sikufanya vile kwa kukuchukia. Mwanamke akishaitwa mjuvi, hata akiomba maji watu wanasikia anaamrisha.

Kwa hiyo nisikilize vizuri. Hao watu wazima garini ni watu wazima. Usiwasahihishe. Mtu akikosea, tazama dirishani. Akikuuliza, mwambie anaendelea vizuri. Ukifunga mdomo, ufunguo utaupata.

Baba mkubwa hupita tu mara moja moja kunijulia hali. Simu huwa sebuleni, na mimi siku hizi napenda kukaa jikoni. Kuna mwanga mzuri.

Mama yako

*

Tarehe 9 Machi

Kwa Mwenye Shule ya Udereva,

Hujambo, dada. Hatujuani, na naomba uniwie radhi kwa kukuingilia kazini. Mimi ni mama wa yule binti uliyemchukua kwa majaribio, yule mwembamba mwenye mwanya. Amenieleza kwamba namna yake na wanafunzi haikupendezi. Dada, nakuelewa kabisa. Ni mjuvi tangu utotoni. Tumemkanya sana, na leo hii nimemwandikia kumkanya tena. Ana moyo mzuri. Anachosema huwa ni kweli, tatizo ni kwamba anakisema.

Nakuomba umvumilie, nami nakuahidi mdomo ataufunga. Tafadhali asijue kwamba nimekuandikia.

Mwenzio katika kulea,
Mama yake

*

Tarehe 23 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Nimefuata maneno yako, na naona mambo yananyooka.

Mwanafunzi wangu ambaye namfikiria zaidi ni mzee mmoja aliyestaafu kazi ya posta, mrefu mpaka magoti yanagusa usukani. Sote tunamwita Mstaafu. Huja na tai, na kabla ya kuingia hufuta viatu kwenye nyasi kama anaingia nyumbani kwa mtu. Mke wake anaumwa miguu, anatakiwa kliniki kila wiki, na kijana wao aliyekuwa akiwaendesha amehamia mbali. Gari lao lipo uani limefunikwa turubai. Mzee ameapa atampeleka mkewe mwenyewe. "Nimechoka kumwombea nafasi kwenye magari ya watu," ananiambia.

Sasa Mama, mzee huyu hasimami. Akiona alama ya kusimama anaitazama kwa heshima zote, kisha anaipita. Siku za mwanzo nilifungua mdomo nimwambie, nikalikumbuka shati la mwalimu, nikaufunga. Nikaikanyaga breki yangu taratibu, taratibu, hata kibao cha juu hakikutikisika. Gari likasimama kama limeombwa. Mzee akashusha pumzi. "Umeona nilivyosimama?" Nikamwambia, "Nimeona, baba. Unaendelea vizuri."

Basi ndivyo tunavyokwenda. Yeye anaendesha, mimi nasimama. Nimekuwa fundi, hata kwenye mteremko anadhani ni yeye. Sijamtamkia neno la kumkwaza, na Mama Breki hajaniita tena, ingawa hututazama kupitia dirisha la ofisi kama mtu aliyeangusha sindano. Mzee anafanya mtihani Jumatano. Mkewe ameshashona gauni la kuendea kliniki siku ya kwanza.

Kuna jambo moja. Unasema jikoni kuna mwanga mzuri. Mama, jiko lile nalijua. Mchana kweupe tulikuwa tunaitafuta chumvi kwa kupapasa.

Kitinda

*

Tarehe 29 Machi

Mama wa binti,

Barua yako ilifika zamani. Sikuijibu kwa sababu sikuielewa. Sasa nimeielewa na nimekasirika, kwa hiyo usiangalie mwandiko.

Unaniomba radhi kwa ujuvi wa binti yako. Ujuvi gani? Nimemtafuta huyo mjuvi gari zima, sijamwona. Nilimwambia namna yake siipendi kwa sababu alikuwa anakaa kando ya mwanafunzi kama mgeni aliyekuja kuposa. "Samahani baba, kama hutajali, labda, naona kuna lori." Akimaliza sentensi lori limeshafika mji wa pili. Nilitegemea atajirekebisha aseme. Badala yake akawa bubu kabisa, nikajiuliza huyu kapatwa na nini. Kumbe kapatwa na barua.

Jumatano mzee wetu wa posta amefanya mtihani. Mtahini hukaa kwenye kiti cha mwalimu, na kwa utaratibu haruhusiwi kukanyaga chochote. Mzee alifika kwenye alama ya kusimama akangoja gari lisimame. Halikusimama. Liliangusha pipa, likaangusha la pili, likaishia ndani ya maua ya ofisi ya mtahini. Hakuna aliyeumia. Mzee alishuka akabaki anaitazama miguu yake, akiinua mmoja, akiinua wa pili, kama viatu vimebadilishwa. Mke wake alikuwa kwenye benchi na gauni jipya. Nilishindwa kumtazama.

Nilipomwuliza binti yako, hakuficha. Alisema, "Breki nilikuwa nampigia mimi." Dada, hiyo si adabu. Huko ni kumdanganya mtu mzima kwa upole. Angepata leseni kwa bahati mbaya, tungewazika yeye na mkewe pamoja.

Nilisema mwisho wa Aprili, na neno langu silirudishi nyuma wala mbele. Mzee ni wake, amfundishe upya. Akishindwa, nafasi naitoa kwa mwingine. Barua yako nimemsomea. Uliomba asijue, lakini mimi sikuahidi.

Wewe nakuomba kitu kimoja tu. Huo ujuvi uliomnyang'anya, mrudishie. Nauhitaji kazini.

Mwenye Shule

*

Tarehe 30 Machi

Mama,

Shikamoo.

Mzee amefeli, na najua umeshaambiwa. Mguu ulikuwa wangu na kosa ni langu, hilo sikutupii. Alinipita pale uwanjani akaniambia, "Usijali binti, ni mimi nimezeeka." Yeye ndiye aliyenipa pole, Mama.

Lakini barua yako imeniuma. Hii ni mara ya pili unaniombea radhi. Mara ya kwanza nilikuwa nimesema kweli. Safari hii nilikuwa sijasema hata hiyo kweli.

Nimekaa benchini baada ya kazi nikalifikiria hilo neno lako. Baba mkubwa alikuja msibani akapanga nani alale chumba gani ndani ya nyumba yetu, watu wakasema huyu mtu ana sauti. Kaka aligombana na mwenye duka mpaka akabadilishiwa viatu, ukatamba kwa majirani kwamba mwanao hababaiki. Mjomba humkatiza kila mtu, na wote tunasema ni mcheshi. Mimi nikasema kiti ni cha baba, na kilikuwa cha baba, nikawa mjuvi. Kwa hiyo hili neno halipimi kilichosemwa. Kwanza linamtazama msemaji, kimo chake na nguo aliyovaa, ndipo linaamua pa kutua. Na mimi nililiogopa kiasi kwamba niliona heri mzee wa watu apite alama akiwa gizani, kuliko yeye kunitazama vibaya.

Nimechoka. Nafikiria kurudi nyumbani kabla sijafukuzwa. Niandalie kochi pale sebuleni, nitalala kama zamani.

Na uniambie ukweli. Huyo anayepokea simu yako anakaa wapi?

Kitinda

*

Tarehe 6 Aprili

Kitinda wangu,

Marahaba. Usirudi. Hakuna pa kukulaza.

Sikusemi vibaya, nakueleza hali ilivyo. Kochi limesimamishwa wima nyuma ya milango. Unajua biashara ya baba mkubwa wako ya milango na madirisha. Mara tu ulipoondoka alikuja akasema, "Shemeji, nipe kona nihifadhi vitu vichache kwa wiki moja, natafuta ghala." Nikampa kona. Kona ikawa ukuta, ukuta ukawa sebule. Sasa wateja wanaingia bila hodi, na akitokea mwenye adabu akabisha, anabisha mlango wa kuuza. Mwenyewe anakaa kwenye kiti cha baba yako, simu yangu iko mapajani mwake, kwa sababu namba yangu ndiyo aliyoiandika kwenye kibao cha nje. Mimi nimehamia jikoni. Mwanga wa huko unaujua.

Utauliza kwa nini sikumwambia kitu. Kwa sababu na mimi nilipewa hilo neno. Wiki niliyoolewa tulikuwa mezani, bibi yako akauliza ni nani ametia chumvi nyingi namna hii. Nikasema, "Ni wewe mama, nilikuona." Na ni kweli alikuwa yeye. Baba yako alicheka, kisha akamtazama mama yake, akaacha kucheka. Tangu siku hiyo kila nilipofungua mdomo katika ukoo ule, neno lilikuwa limeshafika kabla yangu. Nikajifunza kutazama dirishani. Wewe ulipotoka na ulimi ule ule, nikaona nikuzibe mapema usije ukaumia kama mimi. Nilikuwa nakukinga. Sikujua nakupeleka kwenye mapipa.

Lakini na wewe usinipe hotuba nzima kama mbunge. Ujuvi upo. Mjuvi ni mtu anayejifanya mwenyeji asipohusika, anayekujulia mambo ya nyumba yako kuliko wewe mwenye nyumba. Kwa maana hiyo nimemtafuta mjuvi katika ukoo huu, nikamwona mmoja, naye amekaa kwenye kiti. Nimelicheka hilo peke yangu jikoni mpaka jirani akaja kuniuliza kuna nini.

Sasa kazi yako. Nenda kamwambie yule mzee ukweli wote, mguu na breki na yote. Kisha umfundishe kwa sauti. Unadhani huwezi, na mimi nasema unaweza, kwa sababu mimi hujawahi kuniogopa. Nikiwa nimepitiwa jikoni, maziwa yanapanda, hukuniambia, "Samahani Mama, kama hutajali, labda." Ulisema, "Mama, maziwa." Nilikimbia, nikayaokoa, na wala sikuona nimedharauliwa. Mwambie mzee kwa sauti ile. Sauti ya maziwa.

Chumba chenye ufunguo kitafute huko huko. Cha huku kimejaa.

Mama yako

*

Tarehe 18 Aprili

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, tena shikamoo.

Nimemwambia. Nilimsubiri langoni, nikamwamkia, na kabla hajaanza kufuta viatu nikasema, "Baba, siku zote zile hukuwa unasimama. Nilikuwa nakanyaga mimi. Nilikuficha kwa sababu niliogopa kukusahihisha. Umefeli kwa sababu yangu." Niliyasema yote kwa pumzi moja, nikatazama tai yake.

Alilizunguka gari lote polepole, akainama upande wangu, akaitazama ile breki kana kwamba imemtukana. Kisha akaondoka. Nilimwona akivuka barabara na kupotea, nikaenda ofisini kumwambia Mama Breki aandae mtu mwingine. Mama Breki alikuwa anakunywa chai. Akasema, "Saa yake ya somo haijaisha. Rudi kwenye gari." Nikarudi nikakaa ndani ya gari tupu, kibao juu, kama mjinga.

Alirudi, Mama. Kumbe alikwenda kumwambia mkewe, ambaye alikuwa kwenye duka la jirani akimsubiri. Aliingia, akafunga mkanda, akasema, "Nimemwambia mke wangu sijazeeka, nilidanganywa. Amefurahi sana. Sasa utanihakikishiaje kwamba leo hukanyagi?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nikavua viatu, nikapandisha miguu yote miwili juu ya kiti, nikaikunja kama mtu aliye mkekani. Mbele ya mzee wa umri wa babu yangu, tena mstaafu wa serikali. Ungeniona ungezimia. Akaitazama miguu yangu, akawasha gari.

Tulikuwa ndani ya uwanja, taratibu, hakuna wa kumgonga ila mapipa. Alama ya kusimama ikaja. Nikamwona anaitazama kwa heshima kama kawaida yake. Ndipo nikakukumbuka wewe na sufuria ya maziwa.

"Baba, simama."

Akasimama. Kwa mguu wake mwenyewe, kwa nguvu zote, tai ikamrukia begani na mimi nikajigonga magoti. Kisha akanigeukia, na nikaliona lile neno likija, nilijua linakuja hata kabla hajalitamka.

"Wewe msichana," akasema, "ni mjuvi."

Nikangoja.

"Kesho saa ngapi?"

Mama, nililia. Nilimwambia ni vumbi. Akasema vumbi la siku hizi lina machozi, akaendesha mpaka alama inayofuata, na safari hii nilipofungua mdomo alikuwa ameshaanza kukanyaga.

Tangu hapo kila siku nasema. Simama, kioo, punguza, usimpungie mkono yule, shika usukani. Mwanafunzi mwingine, muuza samani mwenye kifua, amenikasirikia, amemwambia Mama Breki hawezi kuamrishwa na mtoto. Mama Breki amemwambia basi aende akaamrishwe na ukuta. Lakini si wote wamekasirika, na hata yeye muuza samani jana amerudi.

Mtihani wa mzee ni tarehe 29. Akifeli tena, mwisho wa mwezi nitakuwa nimejua cha kufanya na sina kazi ya kukifanyia.

Na wewe, Mama? Mimi nimeambiwa nitumie sauti ya maziwa. Aliyenifundisha anaongea na masufuria gizani. Sikuulizi kwa ubaya, nakuuliza tu.

Mwanao,
Kitinda

*

Tarehe 30 Aprili

Mama wa binti,

Barua hii ni fupi, nina wanafunzi wanasubiri.

Mzee wa posta alifanya mtihani jana. Alisimama kila mahali pa kusimama, na pengine pasipotakiwa pia. Njiani mtahini alianza kumsimulia habari za wajukuu wake. Mzee akamwambia, "Tafadhali, naendesha." Mtahini anasema hajawahi kuambiwa hivyo na mtahiniwa. Amempitisha. Mkewe tuliyemwona kwenye benchi ameondoka amekaa kiti cha mbele, na alipotupita alitupungia mkono kama kiongozi.

Binti yako nimemwajiri. Ufunguo anao. Jana jioni yote alikuwa anafungua na kufunga mlango, mpaka nikamwambia kitasa si cha chuma cha pua.

Ana kelele sasa. Namshukuru aliyemrudishia.

Mwenye Shule

*

Tarehe 7 Mei

Kitinda wangu,

Marahaba, mwalimu.

Nilisoma barua ya Mama Breki nikiwa nimesimama jikoni, nikaisoma tena, nikaisomea sufuria kwa kukosa mtu. Nilitaka kukupigia saa ile ile. Nikatoka mpaka mlango wa sebule, nikamwona shemeji kwenye kiti, simu mapajani, anamwambia mteja kwamba mbao ni ngumu, kumbe ni laini, hata mimi najua. Mwanangu ameajiriwa, na mimi namsubiri mtu amalize kuuza dirisha ndipo niombe simu yangu mwenyewe.

Sikupanga. Ungeniambia nipange, ningekuwa bado napanga. Nilisikia tu sauti inatoka.

"Shemeji, milango."

Akanitazama. "Imefanya nini?"

"Itoke. Na kiti nakitaka, na simu."

Wateja walikuwepo, mke na mume. Mume akatazama kiatu chake. Shemeji akacheka kidogo, akawaambia wale watu kama vile mimi sipo, "Shemeji yangu siku hizi amekuwa mjuvi."

Nilisimama pale nikingoja kuanguka, maana neno lenyewe ndilo lile lile, na sebule ndiyo ile ile. Sikuanguka. Nilisikia njaa, kusema kweli, nilikuwa sijala tangu asubuhi. Nikamwambia, "Ndiyo. Na lori liko nje." Nilikuwa nimeliona kupitia mlangoni, lilikuwa limemletea mzigo mwingine. Nikamwambia dereva asishushe, apakie. Dereva akamtazama shemeji, akanitazama mimi, akauliza mwenye nyumba ni nani. Nikanyoosha mkono juu kama mtoto wa shule.

Sikudanganyi kwamba mambo ni shwari. Shemeji hanisemeshi, na amepeleka habari kwa ukoo mzima. Wapo wanaosema nimeharibika baada ya kufiwa. Inaniuma, wengine nilikuwa nawapenda. Lakini juzi alikuja mama mkubwa wako, mkewe. Nikajua amekuja kunigombeza, nikajiandaa. Akakaa, akanywa chai yote, akatazama huku na huku, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini nilimwambiaje hasa, neno kwa neno. Nikamwambia. Akaondoka anayarudia njiani, nilimwona midomo inacheza.

Kochi limeshuka. Lina alama ya mlango mgongoni, lakini ukilalia haiumi. Wakikupa likizo, njoo ulijaribu, na uje na hiyo kelele yako. Ukiniona nakosea sema, na mimi nikikuona unazidisha nitakwambia, kwa sababu mimi bado ni mama yako na ujuvi wa kweli bado upo, usije ukajisahau.

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kiti cha baba yako. Ni kigumu kuliko nilivyodhani, sijui alikuwa anapendea nini. Simu iko hapa kwenye mkono wa kiti. Kibao nimekitoa, ila watu wa milango bado wanapiga, nami nawaambia hapa ni nyumbani kwa mtu.

Hii itakuwa barua ya mwisho kwa sasa, jirani wa mitumba amechoka kunivalisha makoti. Ukimaliza kuisoma, piga.

Nitapokea mwenyewe.

Mama yako